Kikombe cha Dereva na Utingo Wake

Dirisha la chumba changu cha kushonea linatazamana na dirisha la jiko la jirani yangu, na uchochoro ulio kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba akinyoosha mkono nami nikanyoosha wangu, tunapeana chumvi. Kwa hiyo lieleweke mapema kwamba mimi si mmbea. Ni dirisha. Mtu umekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, macho yamechoka kufuata sindano, unayainua kidogo yapumzike, na mbele yako yuko mzee mwenye kofia ya sufu anayekagua meza ya jikoni kama anayekagua lori. Ungefanya nini, ufumbe macho?

Mtaa mzima unamwita Dereva, ingawa hajashika usukani tangu macho yake yalipoingia ukungu na watu wa leseni wakamwambia apumzike. Ujana wake wote na utu uzima wake ulipita kwenye malori ya masafa marefu. Mkewe ndiye aliyemlea mtoto wao wa pekee. Kila Dereva aliporudi alikuta kijana amerefuka na anamwamkia kwa heshima zote, kama mtu anavyomwamkia mgeni. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alipostaafu alisema sasa atatulia nyumbani na mama watoto wake, wanywe chai bila haraka. Mama yule akafariki mwaka uleule.

Baada ya hapo mzee alikuwa anaamka, anavaa vizuri, anakaa kwenye kiti karibu na mlango, na hapo siku yake imekwisha. Mimi nilikuwa namtupia maneno kupitia dirishani ili walau anijibu, na siku nyingine hata kunijibu alishindwa. Ndipo mwanawe, ambaye anafanya kazi migodini na hurudi mwisho wa mwezi, alipomleta mkewe na watoto wawili waje kukaa naye.

Mkwe huyo ni keshia kwenye duka kubwa. Anaondoka nyumbani mapema sana, na basi la chekechea linapita kuwachukua watoto baadaye. Katikati hapo lilibaki pengo, na pengo hilo akapewa Dereva: awape wajukuu kifungua kinywa, awavalishe viatu, awapandishe basi. Sijawahi kuona mtu akipandishwa cheo namna ile. Siku ya kwanza alinyoa ndevu.

Mkubwa ni msichana wa miaka mitano, ana macho makubwa yasiyopitwa na kitu, kwa hiyo babu yake alimwita Taa. Mdogo ni mvulana wa miaka mitatu. Huyo aliitwa Honi, na ukikaa karibu naye kwa muda mfupi tu hutauliza sababu. Viti vitatu vilipangwa upande mmoja wa meza, vikielekea dirishani. Maana yake ni kwamba vilielekea kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa barabara.

"Utingo, matairi?" Dereva anauliza, mikono yake ikiwa kwenye sinia la duara.

Taa anainama chini ya meza, anachungulia. "Yako sawa, dereva."

"Maji?"

"Yamejaa."

"Honi?"

Hapo mdogo anafungua mdomo, nami huku naruka kwenye kiti changu na kushona mshono wa kwenda kombo. Kila siku nilijua inakuja, na kila siku niliruka.

Utingo, kwa ambaye hajawahi kusafiri na lori, ni msaidizi wa dereva. Ndiye anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu gari linapokwama mlimani, ndiye anayepika njiani, na ndiye anayelala juu ya mzigo. Dereva alianza kazi akiwa utingo, chini ya bwana mmoja aliyekuwa akijifungia ndani ya gari anakula nyama, huku yeye nje anatafuna mkate mkavu. Aliapa kwamba siku akishika usukani, hakuna utingo wake atakayekula tofauti naye. Akaitimiza ahadi. Gari moja, sufuria moja. Dereva anaanza, utingo anafuata, na wote ni kilekile.

Sheria hiyo aliwafundisha wajukuu kabla hawajajua kufunga vifungo vya mashati. Na alikuwa anawapima. Siku nyingine alificha kandambili chini ya meza ili aone kama Taa kweli anakagua matairi au anajibu tu kwa mazoea. Taa akiikuta, anapigiwa makofi, na mimi barabara napiga makofi pia. Mtoto yule alizipenda hizo hila kuliko peremende.

Sasa dereva alikuwa anakunywa nini? Chai. Chai nyeusi iliyochemka mpaka ikakasirika, kwenye kopo kubwa la bati lililosafiri naye maisha yote, na sukari ya kufanya kijiko kizunguke kwa shida. Utingo wakanywa hiyohiyo, kwenye vikombe vidogo. Nami sikuona ubaya wowote. Mimi mwenyewe nimekua hivyo.

Kisha Honi akaanza kulia kila akitafuna mkate. Mama yake akaomba ruhusa kazini, akampeleka kwa daktari wa meno, na waliporudi niliona kwa namna alivyoweka mkoba mezani kwamba kuna jambo. Alimngoja mkwewe akae kwanza, kisha akazungumza taratibu kabisa.

"Baba, daktari amekuta magego mawili yameanza kutoboka. Aliniuliza asubuhi anakunywa nini. Amesema chai ya sukari basi. Tena hata chai yenyewe haiwafai, bado wadogo. Amesema asubuhi tuwape maziwa matupu, na mchana maji. Soda na juisi za paketi tuziache."

"Mwanangu," Dereva akasema, kifua mbele, "mimi nimekunywa chai hii tangu nina umri wao. Mbona sina tatizo lolote?"

Taa alikuwa mezani anachora. Akainua yale macho yake. "Babu, kwani meno yako ya mbele yalikwenda wapi?"

Mkwe aligeukia sinki haraka, akafungua bomba, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilijichoma sindano. Dereva akapitisha ulimi pale palipokuwa na meno, na suala la chai likaishia hapo.

Lakini mzee si mtu wa kukubali kushindwa mara moja. Kesho yake alirudi kutoka dukani na paketi ya juisi iliyochorwa maembe mazima mazima na watoto wanaoruka juu kwa furaha. Akaninyooshea dirishani ili nione. "Matunda, fundi. Nani atakataa matunda?" Wote watatu wakanywa, mpaka tone la mwisho.

Jioni mkwe aliiona paketi kwenye pipa la taka. "Baba, hizi mimi nazipitisha kwenye mashine kutwa nzima. Embe liko kwenye picha tu. Ndani ni maji na sukari."

Dereva akakamua machungwa mwenyewe. Alikamua kikapu kizima, jasho likimtoka, na wote watatu wakaimeza kazi yote hiyo kwa pumzi moja. Mkwe hakukasirika. Alisema tu kwamba chungwa ni zuri, ila ni heri wale lenyewe, vipande, pamoja na nyama zake, maana likikamuliwa inabaki sukari yake inayoteremka mbio. Dereva akajaribu unga wa chokoleti uliokorogwa kwa maji ya moto. Hapo alidhani ameupata mwarobaini, mpaka mama yao alipowakuta wote watatu na masharubu ya kahawia. "Hii ni sukari ileile, Baba, imevaa koti tu."

Nikaona mkwe anamwonea mzee. Mimi nikikereka, ulimi wangu hauna breki. Siku hiyo alipopita mlangoni kwangu nilimwambia, "Wewe binti, mbona unamkaba huyu baba? Anajitahidi."

Alisimama. Alikuwa na uchovu wa kusimama kutwa. "Najua anajitahidi, dada. Lakini Honi akilia kwa jino, mimi ndiye ninayembeba mpaka asubuhi. Nikimwacha alie kwa kuwa ninamwonea haya Baba, mimi ni mama gani?"

Nilirudi kwenye cherehani, nimekereka zaidi.

Yakabaki maziwa matupu. Na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama kabisa, kwa sababu watoto waliyakataa. Dereva aliwamiminia kwenye vikombe vyao, akajimiminia chai yake, maana daktari alikuwa hajasema lolote kuhusu wazee, akaita matairi na maji na honi, akanywa. Watoto hawakugusa. Taa alikunja mikono kifuani na kutabasamu. Honi alimwangalia dada yake, naye akakunja mikono.

Siku ya pili mzee aliyachuja, akidhani ni utandu unaowachukiza. Hawakugusa. Siku ya tatu aliyapoza. Siku nyingine aliyapasha. Alibadilisha vikombe. Aliwabembeleza, akawaimbia, akajifanya amekasirika. Honi alipozidiwa na mabembelezo alikirusha kikombe dirishani, na sketi ya sare ya shule niliyokuwa nimemaliza kuipiga pasi ikapata ubatizo. Niliifua upya, nikanung'unika peke yangu.

Kila siku basi lilipofika, watoto walipanda wakiwa wamekula mkate na yai lakini hawajanywa chochote. Mkwe akaona haiwezekani. Chekechea ina nafasi chache za watoto wanaofika mapema, wanapewa maziwa na kifungua kinywa palepale, na nafasi mbili zilikuwa zimepatikana. Akamwambia mkwewe kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa anaondoka nao mwenyewe.

"Pumzika, Baba. Umechoka," alisema, na alilisema kwa nia njema.

Mzee alikuja dirishani kwangu akiwa amevua kofia. Bila kofia alionekana mdogo.

"Fundi," akasema, "wakienda mapema, mimi nitaamkia nini?"

Sikuweza kumtania. Nilimkumbuka yule aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango mpaka jioni. "Bado kuna Jumamosi na Jumapili," nilimwambia, kama vile nilikuwa na mpango. Sikuwa nao.

Jumamosi hawakunywa. Jumapili mama yao alikuwa chumbani anafunga begi la shule. Dereva aliweka vikombe mezani bila kuita matairi, akamimina maziwa, akajimiminia chai yake, akanywa huku anatazama ukuta. Taa akakunja mikono na kutabasamu kama kawaida. Mimi uvumilivu ukaniishia. Nikatoa kichwa chote nje ya dirisha.

"Wewe mtoto, hayo maziwa yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea," akajibu Taa. "Maziwa ni matamu. Shuleni, wakati wa mapumziko, nakunywa."

Dereva akaweka kopo chini. "Shuleni unakunywa?"

"Ndiyo, Babu. Shuleni hakuna dereva."

"Na hapa?"

Taa alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeeleza jambo kwa mara ya mwisho. "Hapa utingo anakunywa anachokunywa dereva. Wewe unakunywa chai, sisi unatupa maziwa. Nilijua unatupima. Kama ile kandambili. Nikamwambia Honi tusidanganyike." Akangoja kidogo. "Mbona hupigi makofi?"

Siku zote hizo mtoto alikuwa anashika sheria. Siku zote alikuwa anangoja kusifiwa, na babu yake anambembeleza aivunje. Nilicheka mpaka nikashika meza ya cherehani. Dereva hakucheka. Alimpigia Taa makofi, taratibu, kwa sababu alistahili, kisha watoto walipotoka kwenda kucheza akaja dirishani akiwa amekunja uso.

"Si uifute hiyo sheria?" nikamwambia. "Waambie dereva ana chake na utingo wana chao."

"Nikisema hivyo, nimekuwa yule bwana wa nyama."

"Basi kunywa maziwa."

Akanitazama kama nimemwambia ameze sindano zangu. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho marehemu mkewe alikijua na mkwe wake alishakibaini: Dereva na maziwa hawaivi chungu kimoja. Tangu alipoachishwa ziwa la mama yake hajayatia mdomoni. Harufu yake humgeuza tumbo. Mkwe alipohamia pale, siku ya kwanza alimkaribisha kwa chai ya maziwa, naye kwa adabu akaimwaga kwenye maua ya dirishani. Maua hayakudumu.

Jumatatu nilikaa kwenye cherehani mapema kuliko kawaida. Sindano sikuigusa. Mkwe alikuwa mlangoni, mkoba wake begani, begi la watoto mkononi, ameshawavalisha viatu.

"Mwanangu," Dereva akamwambia, "nipe safari moja. Ikishindikana, nenda nao."

Mkwe alitazama saa, akatazama watoto, ambao tayari walikuwa wameshapanda vitini. "Moja, Baba."

Mzee akachukua lile kopo lake la bati. Halikuwahi kubeba kitu kingine zaidi ya chai. Ndani lilikuwa jeusi kama tairi. Alilisugua, akalisuuza, akamimina maziwa mpaka juu. Akawamiminia na watoto. Kisha akakaa katikati, akashika sinia.

"Utingo, matairi?"

Taa aliinama kwa haraka. "Yako sawa, dereva."

"Maji?"

"Yamejaa."

"Honi?"

Niliruka, kama kawaida. Dereva akalitazama kopo, akanitazama mimi barabara, akapiga moyo konde na kulinyanyua. Alikunywa macho akiwa ameyafumba, na lile koromeo lake la kizee lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka. Alipofika katikati alisita, mashavu yamejaa, na nilidhani yote yanarudi. Yakashuka. Hakulitua mpaka alipoona sakafu ya kopo.

"Mazuri," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeumwa na nyuki mahali asipoweza kupaonyesha.

Taa alikichunguza kinywa cha babu yake. Aliyaona masharubu meupe. Akanyanyua kikombe chake akanywa, na Honi akanywa, akakipindua kikombe juu chini kuonyesha kimekwisha, na akapiga honi ya pili bila kuombwa.

Mkwe alikuwa bado mlangoni. Begi lilikuwa limeshuka mpaka sakafuni.

"Baba, wewe hunywi maziwa."

"Nani kasema?" Dereva akajifuta mdomo kwa kiganja, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, ya kichefuchefu au ya kitu kingine sijui. "Safarini tunakunywa kilichopo."

Mkwe alitoa simu, akapiga palepale. "Habari za asubuhi, mwalimu. Zile nafasi mbili za mapema, mpeni mtu mwingine. Hapana, hakuna tatizo. Wana dereva." Kisha akamwinamia mkwewe, akalichukua kopo tupu mikononi mwake, akalisuuza mwenyewe, ingawa alikuwa ameshachelewa kazini na msimamizi wao wa zamu ni mkali.

Hayo sasa ni ya zamani kidogo. Honi amezibwa magego yake na hali mkate kwa kilio tena. Kila asubuhi Dereva anakunywa kopo la maziwa, na uso wake haujazoea mpaka leo. Mimi huwa nainamisha kichwa nisicheke. Basi likishaondoka, anavuka uchochoro, anakaa kwenye kigoda changu kati ya vitambaa, nami namtilia chai nyeusi na sukari yake ya zamani, mlango ukiwa umerudishwa.

"Na sheria?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Gari limeegeshwa, fundi. Utingo wameshuka."

Tulidhani ni siri. Juzi mkwe wake alipita kwangu jioni, ameleta gauni la kupunguzwa upindo. Juu ya gauni akaweka mfuko wa karatasi wa dukani kwao. Ndani mlikuwa na majani ya chai, yale ya bei ya juu, na kipakiti kidogo cha sukari.

"Ya Baba," akasema. "Usimalize majani yako kwa ajili yake, dada. Ila kijiko kimoja tu, tafadhali. Nataka awe nasi siku nyingi."

"Si umpe mwenyewe?"

"Nyumbani watoto wataona."

Asubuhi yake Dereva alipokuja, aliuona mfuko juu ya meza kabla sijauondoa. Aliutambua. Aliugeuza, akauchungulia ndani, akaurudisha mahali pake, kisha akavua kofia na kukaa nayo magotini kwa kitambo. Nilijifanya natafuta uzi.

"Kijiko kimoja?" akauliza mwishowe, alipoonja.

"Kimoja. Ndiyo amri."

"Huyu binti ni mkali," akasema, na sijawahi kumsikia akimsifu mtu kwa sauti ile. Aliinywa yote, polepole, akichezesha ulimi kwenye pengo la meno. Kisha akaenda kwenye bomba langu, akasukutua mdomo mara kadhaa ili utingo wakirudi wasije wakainusa chai, akanitolea pumzi nimhakikishie, akavaa kofia na kwenda kuwangoja.